Umeniuliza kidonge, nakujibu saa

Mwanangu Zuhura,

Marahaba, mama. Ujumbe wako niliupata jana usiku, nikausoma mara tatu. Umeniuliza: kati ya ibuprofeni, diklofenaki na naproksini, ipi inatuliza zaidi tumbo la hedhi? Na kama kweli ni endometriosisi, ule ugonjwa wa nyama kama utando wa mji wa mimba kuota nje yake, kama anavyoshuku daktari wako, je, dawa ni hizo hizo? Ukasema nikujibu kwa neno moja kwa kuwa uko kazini. Neno moja sina. Nimeona nikuandikie barua, uisome ukitulia.

Kabla ya jina la kidonge nataka kujua saa. Unakimeza saa ngapi? Au unangoja mpaka tumbo likukamate, umeshajikunja, kijasho kimeshakutoka juu ya mdomo? Nakujua, utakuwa unangoja. Na unangoja kwa sababu ni mimi niliyekufundisha kungoja.

Ile asubuhi ya mtihani wa hesabu unaikumbuka, ingawa hatujawahi kuizungumza. Ulikuwa na miaka 16. Ulikuja ukiwa umeshavaa sare, mkono mmoja umeubana tumboni, ukaniambia, "Mama, zimeanza." Nikatoa kidonge kimoja cha parasetamoli, nikakiweka juu ya gazeti, nikakikata kwa wembe kwenye ule mstari wake wa katikati. Nusu moja ikavunjika vipande vipande. Nikavikusanya pamoja na ule unga kwa ncha ya kidole, nikakutilia kiganjani. Nusu ya pili nikaifunga kwenye karatasi, eti ya kesho. Nikakwambia, "Vumilia." Ukasema, "Asante, mama."

Hiyo asante ndiyo inayoniuma mpaka leo. Ungenijibu kwa ukali pengine ningeshasahau.

Kidonge kile kilikuwa cha miligramu 500. Nilikupa 250, na zenyewe hazikutimia kwa ule unga uliobaki gazetini. Kipimo cha mtu wa umri uliokuwa nao ni 500 hadi 1000 kwa mara moja. Msimamizi alinieleza baadaye kwamba ulijibu maswali manne, kisha ukalaza paji la uso juu ya dawati, ukabaki hivyo mpaka karatasi zikakusanywa. Uliporudi, baba yako hakuniuliza kitu. Alichemsha maji, akajaza ile chupa ya mpira, akaizungushia taulo la kijani, akakuwekea chini ya kitovu. Mtu asiyejua hata jina moja la dawa alikusaidia kuliko mimi. Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba mwaka 2001 lilichapishwa jaribio la kitambaa chenye joto la kama nyuzi 39, kinachofungwa tumboni kwa muda wa saa 12, na kwamba kilituliza maumivu ya hedhi karibu sawa na ibuprofeni. Nilipolisoma hilo nililikumbuka lile taulo, nikalia.

Unaweza kusema mama hakujua. Laiti ingekuwa hivyo. Nilijua, kwa mwili wangu mwenyewe. Miaka miwili kabla ya mtihani wako, muuguzi mmoja mtu mzima aliniuliza swali ninalokuuliza wewe leo: "Unameza saa ngapi?" Nikamwambia, ninapozidiwa. Akatikisa kichwa. Akaniambia maumivu ya hedhi hayavumiliwi, hutanguliwa. Tarehe zako unazijua, usingoje. Anza linapoonekana tone la kwanza, au hata siku moja kabla, tumbo likiwa na chakula, kisha fuata saa kwa siku mbili au tatu. Usimeze unapoumwa ukaacha unaposahau.

Mwezi uliofuata nikafanya hivyo kwa ibuprofeni. Siku ya kwanza, siku ambayo kwa miaka 20 nilikuwa naipitisha kitandani nikiwa nimekunja magoti, nilifua mapazia ya nyumba nzima. Saa kumi jioni nilikuwa juu ya kiti, mikono yote miwili juu, nalitundika pazia la sebuleni, ndipo nikakumbuka kwamba nina hedhi. Nilishuka nikakaa chini nikacheka peke yangu. Uliniuliza nacheka nini, nikakwambia hakuna kitu. Ningekueleza siku ile ile!

Basi kwa nini nikakukatia nusu? Kwa sababu mimi nilikuwa nimeshazaa, wewe bado. Nilikuwa nimeaminishwa kwamba vidonge vya maumivu huharibu kizazi cha msichana. Haviharibu. Ukizitumia mfululizo, dawa za kundi la ibuprofeni zinaweza kuchelewesha yai kutoka mwezi huo, na ukiziacha hali hurudi. Hilo umwambie daktari siku utakayoanza kutafuta mtoto. Lakini utasa hazileti. Nilikulinda na jambo lisilokuwepo, nikakuacha na lililokuwepo.

Sasa nije kwenye swali lako. Mji wa mimba unapojiandaa kuutoa utando wake wa ndani, hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Hizo ndizo zinazoukaza msuli wake kama ngumi. Ukikaza sana, mishipa ya damu inabanwa, nyama yenyewe inakosa hewa, na ndio ule mkazo unaokufanya ushike ukuta. Kichefuchefu na kuharisha kwa siku ya kwanza navyo vinatokana na hizo hizo. Ibuprofeni, diklofenaki, naproksini na asidi ya mefenami ni ndugu wa kundi moja: zote huzuia prostaglandini zisitengenezwe. Zilizokwisha kutengenezwa hazizifuti. Ndiyo maana nasema maumivu haya hutanguliwa. Kidonge bora kuliko vyote, ukikimeza umechelewa, unakitumia kufukuza mwizi aliyekwisha kutoka na mali.

Ipi kati yao? Mwaka 2015 watafiti waliyakusanya majaribio 80 ya dawa za kundi hili kwa maumivu ya hedhi. Kwa hesabu yao, wanawake wakipewa kidonge kisicho na dawa na 18 kati ya 100 wakapata nafuu ya maana, basi wakipewa dawa hizi watakaopata nafuu hiyo ni kati ya 45 na 53. Walipozipambanisha zenyewe kwa zenyewe hawakupata ushahidi wa kutosha wa kusema hii imeishinda ile. Angalia pia kwamba karibu nusu hawakupata nafuu ya kutosha, na si kwamba walikuwa wadhaifu.

Kwa hiyo tofauti ni za matumizi. Ibuprofeni ya miligramu 400 hushika upesi na huisha upesi. Hurudiwa kila baada ya saa 6 hadi 8, na bila daktari usivuke 1200 kwa siku. Naproksini hukaa mwilini muda mrefu zaidi, na hilo nalipenda, kwa sababu wewe maumivu yako huja alfajiri, na dawa iliyomezwa usiku iwe bado ipo. Kwa kawaida daktari huanza na 500, kisha 250 kila baada ya saa 6 hadi 8. Diklofenaki ni 50 mara tatu, mwisho 150 kwa siku. Inatuliza vizuri, ila kwa moyo na mishipa ya damu ina hatari zaidi kuliko naproksini, na watu wanaichukua kama peremende. Mimi siitaki, lakini hayo ni maoni yangu. Asidi ya mefenami ni 500 mara tatu. Parasetamoli haiko katika kundi hili, na kwa prostaglandini za tumboni nguvu yake ni ndogo. Faida yake ni kwamba unaweza kuiongeza juu ya mojawapo ya hizo, isizidi miligramu 4000 kwa saa 24 maana ini halisamehe. Aspirini iache, huongeza kutoka damu.

Usichanganye mbili za kundi moja. Usimeze ibuprofeni asubuhi na diklofenaki mchana kwa sababu ya kwanza "haikushika". Hapo hujaongeza nafuu, umeongeza vidonda vya tumbo na mzigo kwa figo. Ukiona choo cheusi kama lami, acha dawa uende hospitali siku hiyo hiyo.

Na tramadoli, ile dawa kali ya maumivu ya jamii ya afyuni, Zuhura, usiikimbilie. Uliona yaliyompata mama yako mdogo Rehema. Alipewa hospitalini, nzuri mwanzoni, akalala usingizi wa kweli. Kisha choo kikafunga siku tano. Kwa mtu ambaye kwenda haja kubwa wakati wa hedhi ni kama kupitisha kisu, kufunga choo ni adhabu juu ya adhabu. Kisha kidonge kimoja kikawa viwili, na viwili vikawa havitoshi. Dawa za jamii hiyo mwili huzizoea na huzidai. Zina kazi yake, baada ya upasuaji kwa mfano. Si dawa ya kila mwezi mpaka hedhi ikome.

Rehema ndiye anayenipeleka kwenye nusu ya pili ya swali lako. Alikuwa na miaka 41 walipompasua kwa matundu madogo na kukuta nyama inayofanana na utando wa mji wa mimba imeota nje, nyuma ya mji wenyewe na juu ya utumbo, viungo vimegandana. Miaka yote hiyo aliambiwa picha ya ultrasaundi ni safi. Picha safi haiiondoi endometriosisi. Shirika la Afya Duniani linasema inawapata kama wanawake na wasichana milioni 190, karibu 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa, na Rehema alidhani ni peke yake.

Je, dawa ni hizo hizo? Ndiyo na hapana. Kwa maumivu, daktari huanza na hizo hizo, ingawa kwa endometriosisi ushahidi wake ni mchache kuliko kwa maumivu ya kawaida ya hedhi. Lakini hazizuii ile nyama isiote, na maumivu yakikaa miaka, mishipa ya fahamu yenyewe hujifunza kuuma. Kwa hiyo ukimeza dawa sahihi, kipimo sahihi, kwa saa yake, miezi mitatu, na bado unajikunja, usitafute kidonge kikali zaidi. Hapo ugonjwa wenyewe ndio unaotaka kutibiwa: vidonge vya uzazi wa mpango, dienojesti, ambayo ni kidonge cha homoni, miligramu 2 kila siku, au kitanzi chenye homoni. Kuna na sindano zinazozima ovari, yaani vifuko vya mayai, kwa muda, ila hizo hupunguza nguvu ya mifupa na daktari huzisindikiza na homoni kidogo. Miongozo ya Ulaya ya mwaka 2022 inakubali kuanza matibabu ya homoni bila kwanza kupasuliwa ili kuthibitisha. Hilo laiti lingekuwepo wakati wa Rehema.

Umeniambia daktari amekutajia dienojesti na wewe unasita. Hapa ulimi unaniwasha, mwanangu. Nimeandika sentensi moja nikaifuta, nikaiandika tena nikaifuta. Dawa hiyo huweza kuleta matone ya damu yasiyo na mpango miezi ya mwanzo, na wengine hushuka moyo. Na ukiwa unaitumia hutazamiwi kushika mimba, ingawa haihesabiwi kama kinga ya mimba. Wewe na mumeo mna mipango ambayo hamjaniambia na hamlazimiki kuniambia. Mwili ule niliutilia nusu kidonge kiganjani bila kuuliza wenyewe unasemaje. Safari hii sitaukatia. Ukiniuliza tena uso kwa uso, sijui kama nitaweza kunyamaza.

Kwenye vidonge ningekuwa nimeshasema naproksini, tena kwa sauti. Kinachonizuia ni kifua chako. Ulipokuwa na miaka sita, saba, ulikuwa ukibanwa usiku tukakaa nawe wima dirishani. Wenye pumu, baadhi yao, hubanwa wakimeza dawa yoyote ya kundi hili. Je, daktari umemwambia? Umewahi kumeza ibuprofeni na kifua kikabaki salama? Kama umewahi bila shida, mkumbushe tu. Kama hujawahi, usimeze kwa mara ya kwanza ukiwa peke yako.

Chukua daftari, lolote. Andika tarehe ya tone la kwanza, saa uliyomeza, ulichomeza, na baada ya saa mbili uumwaji ni ngapi kati ya 10. Andika na siku za kabla, na maumivu ya haja kubwa, na ya tendo la ndoa, usione haya. Daktari mwenye haraka hubishana na mgonjwa, na daftari la miezi mitatu hulisoma.

Kwa hesabu yangu zitaanza Alhamisi. Nijibu leo kuhusu kifua. Chupa ya mpira nimeibadilisha kizibo, naituma kwa kaka yako pamoja na lile taulo la kijani. Limechakaa pembeni lakini katikati bado zito.

Mama yako