Kaskazi imeingia: kazi za mkono za nyumba, za jikoni na za urembo

Dada aliyeuliza yuko Kisauni, nyumba ya mabati vyumba viwili, watoto watatu wamefunga shule, na joto halimpi usingizi. Anataka kujua ni vitu gani rahisi anavyoweza kufanya mwenyewe kwa pesa kidogo, vya nyumba, vya kula na vya kujipamba, watoto nao wapate shughuli mpaka Januari. Wenzangu wamemjibu kwa mstari mmoja mmoja. Mimi nitakaa kitako, maana mambo haya nimeyafanya zaidi ya miaka 20 hapa Mombasa, na mengine niliyaharibu kwanza ndipo nikayajua.

Dadangu, ichukulie kaskazi kama mfanyakazi wako. Tangu Disemba mpaka Machi upepo unavuma kutoka kaskazini-mashariki, mvua ni haba, na kufikia Februari na Machi joto la mchana hucheza kwenye nyuzi 32 na 33. Jua hilo linalokukera ndilo litakalokukaushia embe na chupa, na joto lake ndilo litakalokukaushia majani ya hina na maua kivulini. Masika yakishaanguka, mwezi wa Aprili, kila unachokianika kinaota ukungu. Kwa hivyo chochote kinachotaka kukauka, kifanye sasa.

Nitaanza na achari ya embe, kwa sababu ndiyo yenye faida kubwa na ndiyo watu wanayoikosea. Nenda Kongowea au Marikiti asubuhi mapema, utafute embe aina ya ngowe, mbichi. Iwe ngumu kabisa, ukiibonyeza kwa kidole isibonyee. Embe iliyoanza kugeuka manjano karibu na kokwa iwachie watoto waile na chumvi na pilipili, maana kwenye achari itakuwa uji. Kilo tatu zinatosha kwa mara ya kwanza. Zioshe, zifute zikauke, kisha uzikate vipande vya urefu wa kidole pamoja na ganda lake. Ganda ndilo linaloshika kipande kisivunjike.

Tia vipande kwenye beseni, mwagia kikombe kimoja kikubwa cha chumvi na vijiko viwili vya manjano ya unga, changanya kwa mkono, funika, ulaze usiku mmoja. Asubuhi utakuta embe imetoa maji mengi. Yamwage yote. Tandaza vipande kwenye uteo (ungo), kila kimoja peke yake visilaliane, ufunike kwa kitambaa chepesi cha wavu kwa ajili ya nzi, uweke juani. Siku mbili hadi tatu. Watoto wape kazi ya kugeuza kila baada ya saa moja. Utajua iko tayari ukikunja kipande: kinapinda kama ngozi ya kiatu, pembe zake zimejikunja, na ukikigusa hakiachi maji kwenye kidole.

Sasa sikiliza hapa vizuri. Mwaka wangu wa pili kufanya achari niliacha uteo mbili juu ya paa usiku kucha, nikiona mbingu haina wingu. Mvua haikunyesha, lakini umande ulishuka. Asubuhi vipande vilikuwa laini tena, nikajiambia jua litarekebisha, nikaendelea. Baada ya wiki tatu nilifungua chupa nikakuta utando mweupe juu, na harufu ya chachu ikanipiga puani. Chupa sita nilizimwaga zote, na nyingine nilikuwa nimeshamwahidi shangazi yangu. Tangu siku hiyo, saa kumi na moja jioni uteo wangu uko ndani, ingawa jua bado halijatua.

Siku embe inapokauka ndiyo siku ya kupika viungo. Saga kitunguu thomu vichwa viwili na tangawizi kipande cha kiganja kwa siki, usitie maji hata kidogo. Kwenye sufuria weka mafuta kikombe kimoja, yakipata moto tia kijiko kimoja cha mbegu za haradali na nusu kijiko cha uwatu, zikianza kuruka tia ule mchanganyiko uliousaga. Koroga mpaka mafuta yaelee juu. Kisha pilipili ya unga vijiko vitatu au vinne kwa kadiri ya ulimi wako, siki nusu lita, sukari vikombe viwili. Ichemke, ishike uzito kidogo, ndipo utie embe, ugeuze dakika tano, uipue. Sufuria iwe ya stili au ya enameli. Alumini na siki haviivani: achari inapata ladha ya chuma, na sufuria inabaki na madoa.

Chupa ziwe za kioo. Zichemshe, kisha zipindue juani juu ya kitambaa safi mpaka tone la mwisho la maji likauke. Achari ikishaingia chupani, mafuta na siki vifunike vipande vyote. Kinachochungulia nje ndicho kitakachooza kwanza. Na nyumbani weka sheria ya kijiko kikavu, mkubwa kwa mdogo.

Baada ya embe utatamani achari ya ndimu, na ni rahisi zaidi. Lakini hapo nina jambo zito la kusema, na linahusu urembo kuliko chakula. Miaka michache iliyopita mpwa wangu alinisaidia kukata ndimu uani, maji ya ndimu yakamchuruzika mpaka kwenye viwiko, naye akaona afadhali, akajisugua mikono na shingo kwa maganda kwa sababu alisikia ndimu inang'arisha ngozi. Akakaa juani na uteo wake mpaka adhuhuri. Siku ya pili ngozi ilikuwa nyekundu, ya tatu ikatoa malengelenge yaliyofuata michirizi ileile ya maji ya ndimu, kama mtu aliyemwagikiwa na maji ya moto. Malengelenge yalipopoa yaliacha mabaka ya kahawia, na yakakaa miezi. Daktari alimweleza kwamba ndani ya ndimu mna kitu kinachoamshwa na mwanga wa jua na kuunguza ngozi. Nakuomba sana, ndimu kwenye ngozi na jua la kaskazi visikutane. Watoto wakikata ndimu, waoshe mikono kwa sabuni kabla hawajatoka nje. Na hizo dawa za kung'arisha uso kwa ndimu zinazopitishwa kwenye simu, ziache.

Ukitaka kitu cha uso, liwa ipo, ule mti wa kunukia. Nunua kipande cha mti wenyewe, si unga usioujua umechanganywa na nini, na msio, yaani jiwe la kusugulia. Dondoshea msio maji kidogo au marashi ya waridi, sugua liwa kwa kuzungusha mpaka upate uji mzito wa rangi ya maziwa yenye chai kidogo. Paka usoni na shingoni jioni baada ya kuoga, kaa nusu saa kwenye upepo, osha. Ule ubaridi unaoshuka usoni liwa ikianza kukauka unaujua mwenyewe, sina haja ya kukupigia debe.

Mafuta ya nazi nayo ni kazi ya siku mbili, na watoto wanaipenda kwa sababu ina mbuzi wa kukunia nazi, wa kukalia. Nazi kumi zilizokomaa, ukizitikisa usikie maji lakini kidogo. Zikune, tia maji ya vuguvugu, kama vikombe vitatu, kamua tui zito kwenye kitambaa safi, kisha rudia mara moja kwa maji kidogo zaidi. Tui liache kwenye bakuli usiku mzima, limefunikwa. Asubuhi mafuta yatakuwa yamepanda juu kama siagi nyeupe na maji yamebaki chini. Engua ile ya juu, uitie sufuriani kwenye moto mdogo wa makaa.

Hapo usiondoke. Kwanza itachemka kwa kelele, povu jingi. Baadaye povu linapungua, mafuta yanaanza kuwa maangavu, na chembe chini zinageuka rangi ya dhahabu na kunukia kama kashata. Sufuria ikinyamaza, ujue maji yamekwisha. Ipua wakati huohuo, kwani dakika tatu zaidi chembe zinaungua na mafuta yote yananuka moshi. Chuja kwa kitambaa. Zile chembe watoto watazigombania na sukari, wape. Mimi nazi kumi hunipa chupa ya nusu lita, pengine ipungue kidogo. Chicha, yale machujo ya nazi, usiitupe: changanya konzi moja na manjano kidogo na marashi, sugulia miguu na viwiko kabla ya kuoga. Inayobaki wape kuku.

Ukipenda mafuta yanukie, tandaza asumini kivulini mpaka inyauke kabisa, ndipo uitie kwenye mafuta yaliyopoa, ukae nayo siku tatu, uchuje. Maua mabichi yana maji na mafuta yatachacha. Nilimpelekea dadangu Nairobi chupa moja, akanipigia simu kuwa yameharibika, yameganda meupe. Hayajaharibika. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na huku kwetu msimu huu wa joto ni nadra kuliona hilo. Ila usidhani yanakukinga na jua. Yanalainisha ngozi na nywele, kinga ya jua ni leso kichwani na kivuli.

Hina ni ya haraka: chuma majani, anika kivulini yabaki na kijani chake, twanga, chekecha kwa kitambaa, kanda kwa chai ya rangi iliyopoa, iache saa kadhaa, paka usiku. Wasichana wako watafurahi. Lakini piko, ile rangi nyeusi ya nywele, isiguse ngozi ya mtoto. Ndani yake mna kemikali iitwayo PPD, na nimeona maua ya piko ya harusi yakigeuka vidonda vilivyoacha alama mkononi. Hina ya kweli hutoa rangi kati ya machungwa na kahawia iliyokolea. Anayekuahidi hina nyeusi tii kwa nusu saa, hiyo haikutoka kwenye mti.

Sasa nyumba. Wengine hapa wamekwambia utundike shuka mbichi dirishani. Hilo linafaa bara kwenye hewa kavu. Mombasa hewa yenyewe imejaa unyevu, shuka itakuongezea jasho tu. Kwetu dawa ni upepo. Tafuta upande wa kaskazini-mashariki wa nyumba yako, uondoe kabati au mapazia mazito yaliyoziba dirisha la upande huo, kisha uhakikishe upande wa pili pana pa kutokea. Upepo usio na mlango wa kutoka hauingii. Ukuta wa magharibi, unaopigwa na jua la alasiri, upake chokaa nyeupe: loweka chokaa usiku mmoja, tia chumvi kidogo ishike, chuja, paka mara mbili, nyembamba, jioni ukuta ukiwa umerashiwa maji. Machoni vaa miwani na mikononi glavu za mpira, chokaa inaunguza. Kwenye mabati usitumie chokaa, tumia rangi nyeupe ya maji ya nje. Mimi nilipaka paa la jikoni, na mchana wa kwanza niliweza kupika bila kutoka nje kila dakika kumi.

Na mtungi, jamani. Nunua wa udongo usiopakwa rangi, kwa sababu maji yanapenya kidogo kidogo kwenye vitundu vyake, yanakauka kwa nje na kuondoka na joto. Ukiupaka rangi umeuziba pumzi. Ujaze maji siku nzima, umwage. Kisha tia ubani kwenye chetezo chenye makaa, upindue mtungi juu yake mpaka moshi uujae, ndipo utie maji ya kunywa yaliyochemshwa na kupoa. Uweke juu ya mchanga mbichi kwenye sinia, kivulini, mahali upepo unapita. Kwenye kona isiyo na upepo hautapoa. Funika, chota kwa kata, mkono usiingie ndani, na kila wiki uoshe. Nyanyangu hakuwa na friji maisha yake yote, na maji yake yalikuwa na harufu ambayo mpaka leo nikiisikia namwona ameketi barazani.

Kama ni mimi ningeanza na mtungi na dirisha wiki hii, kwa sababu usingizi wako ndio wa kwanza. Ijumaa uende Kongowea uchukue embe, Jumamosi ukate na watoto, usiku chumvi, Jumapili uteo iko juani. Chupa zikijaa ziandike tarehe, uzipandishe juu wasikozifikia watoto. Ya kwanza ifungue baada ya wiki mbili, wakati ganda limelainika na siki imeingia mpaka ndani.