Kusimamisha hesabu ndefu bila kupoteza matokeo

SWALI: Nina programu ya Python inayohesabu usiku kucha kwenye terminali ya Linux. Nikibonyeza Ctrl+C, faili la matokeo linabaki nusu. Mara nyingine haisikii kabisa, mpaka niiue kwa kill -9. Nifanyeje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Kill -9 iache iwe ya mwisho kabisa. Ishara namba 9 haipokelewi na programu. Linux huiondoa papo hapo, na chochote ambacho hakijaandikwa kwenye faili kimepotea. Ctrl+C hupeleka ishara namba 2, SIGINT, na Python huigeuza kuwa KeyboardInterrupt. Hiyo yaweza kuibuka kwenye mstari wowote, hata faili likiwa linaandikwa. Ndiyo maana lako linabaki nusu.

Kwa hiyo ipokee ishara wewe mwenyewe, kisha uchague pa kusimama (SIGTERM ni ishara inayopelekwa na kill ya kawaida, bila -9):

import signal
simama = False
def pokea(namba, fremu):
    global simama
    simama = True
signal.signal(signal.SIGINT, pokea)
signal.signal(signal.SIGTERM, pokea)

Mwisho wa kila mzunguko kagua: kama simama ni True, hifadhi kisha toka kwa break. Usiandike juu ya faili la zamani. Andika kwenye matokeo.tmp ndani ya folda ileile, maliza kwa f.flush() na os.fsync(f.fileno()) ili data ifike diskini, lifunge, halafu os.replace("matokeo.tmp", "matokeo.json"). Hapo utakuta ama faili la zamani zima au jipya zima. Hifadhi na namba ya mzunguko, la sivyo utaanza sifuri. Umeme hautoi taarifa, kwa hiyo hifadhi hivyohivyo kila baada ya dakika kumi hata kama hujabonyeza kitu.

Kuhusu kutosikia, tafuta kwanza "except:" tupu ndani ya mzunguko. Inameza KeyboardInterrupt na kazi inaendelea. Andika "except Exception:". Kama haipo, huenda programu iko ndani ya hesabu moja kubwa ya NumPy, maktaba ya hesabu ya Python. Python haishughulikii ishara mpaka hesabu hiyo irudi, hata ukiwa umeweka pokea. Igawe kazi vipande vidogo.

Ukitaka kupumzisha kompyuta tu, bonyeza Ctrl+Z, kisha andika fg kuendelea. RAM inabaki imeshikwa, na ukifunga terminali kazi imekwenda.