Mishale yangu inapiga vizuri mita 18, nikienda 50 inatawanyika: ninunue seti mbili?

SWALI: Shikamoo kocha. Niko Kigamboni, natumia upinde wa rikevu (ule ncha zake zimejikunja kwenda mbele), nguvu ya kuvuta paundi 34, mkono wa kulia. Nimenunua mishale ya kaboni ya mtumba, spaini (namba ya ugumu) 500, urefu inchi 28. Mita 18 nakusanya poa ila yote inaenda kushoto kidogo, nikisogea 50 inatawanyika ovyo, na Juni nataka kujaribu 70. Nanunua seti ya karibu na ya mbali?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Seti mbili subiri kwanza, maana ishu yako haijaanzia 50, imeanzia hapohapo 18 ila umbali ulikuwa unakufichia. Piga hesabu tu, kosa la sentimita 2 kwenye mita 18 ukilipeleka 70 linakuwa karibu sentimita 8, na hapo sijaweka upepo.

Spaini ni ugumu wa ule uti wa mshale. Wanauegesha kwenye nguzo mbili zilizoachana inchi 28, wananing'iniza uzito wa kama gramu 880 katikati, ukibonyea nusu inchi basi ni 500, kwa hiyo namba ikiwa ndogo mshale ni mgumu zaidi, watu wengi wanaigeuza hapa. Paundi 34 na inchi 28 mimi ningeangalia 700 mpaka 800, hiyo 500 yako ni ngumu kama chuma. Na hizo 34 umezipima au umesoma tu kwenye upinde? Zile zilizoandikwa ni za mvuto wa inchi 28, ukivuta pungufu kila inchi inakula kama paundi 2. Chukua ule mzani wa kuning'iniza wanaotumia wauza samaki Feri, nasa kamba, vuta mpaka pale unapoachiaga, 34 inatakiwa isome kama kilo 15 na nusu. Usishangae ukikuta 13.

Halafu fanya hivi, mita 18, mishale mitatu yenye mabawa (vile vipande vya mkiani) na miwili uliyoyavua mabawa. Kwa wewe wa mkono wa kulia ile mitupu ikitua kushoto ya wenzake mshale ni mgumu, ikitua kulia ni laini. Nna uhakika yako itaenda kushoto. Kuna atakayekwambia weka ncha nzito utalainika, ni kweli unalainika, ila unakuwa mzito na paundi zako hizo kuufikisha 70 utakuwa unalenga mawinguni.

Kwa hiyo uza hiyo, nunua seti MOJA nyembamba ya kaboni, ncha ya greni 100 hivi (kama gramu 6 na nusu), mabawa madogo ya plastiki. Kujua mbele kuna uzito wa kutosha, uegeshe mshale juu ya kidole mpaka utulie, pima kutoka katikati ya mshale mpaka hapo kidole kilipo, kwa mshale wa sentimita 71 ikija kama 8 au 9 kuelekea kwenye ncha uko vizuri, hiyo ni kama asilimia 12 ya urefu wake. Wembamba unakusaidia kwenye upepo, na we uko ufukweni, Juni ni kusi hiyo, mchana inasukuma mshale mnene kama karatasi.

Ile minene ya alumini yenye manyoya ni ya mashindano ya ndani ya ukumbi, mita 18. Sheria inaruhusu uti mpaka milimita 9.3, na mshale ukigusa mstari unahesabiwa pointi ya juu, kwa hiyo unene unakuongezea kama milimita 2 kila upande. Huko duara la pointi kumi lina sentimita 4 tu, hapo hiyo ni kitu, lakini kumi ya mita 70 ina sentimita 12.2, hapo milimita 2 ni za nini? Na ndani hakuna mvua, nje manyoya yakilowa yanalala kama ya kuku wa masika.

Halafu hiyo mtumba kabla ya kumuuzia mtu, shika kila mmoja ncha na mkia, ukunje taratibu huku unauzungusha, uweke karibu na sikio. Ukisikia kach kach hata kidogo uvunje utupe, usimpe mtu hata bure. Kaboni yenye ufa inapasukaga wakati wa kuachia na vile vijiti vinaingia mkononi, nimeshawahi kumshika mtu mkono tunavitoa kimoja kimoja kwa kibanio cha nyusi.

Ncha ukitaka kuibadilisha usichome uti na kiberiti, chovya ile ncha kwenye maji ya moto, gundi ikilainika vuta na koleo.