Jibu: Kuuza shamba linaloliwa na bahari, Pangani

Salaam ndugu yangu, na pole. Nimekuelewa hivi: shamba la minazi la marehemu mzee linamegwa na bahari kila bamvua, yaani siku maji yanapojaa kupita kawaida, mnunuzi kutoka Dar alilitazama maji yakiwa yamekupwa, nawe unauliza kama ni lazima umwambie.

Mwambie. Hasara hii hukuileta wewe. Bahari duniani imepanda kama sentimita 20 tangu mwaka 1901, na moshi mwingi unaoipasha dunia joto hata bahari ikapanda ni wa nchi zenye viwanda. Hao ndio wenye deni, na mfuko wa kufidia hasara za tabianchi ulikubaliwa Misri mwaka 2022. Ila mnunuzi wako hadaiwi. Ukimficha, umemtwisha mzigo wako, na sisi tumefundishwa tangu chuoni, kwenye Kurani, kwamba kuficha aibu ya mali, yaani kasoro yake, ni ghushi, ni udanganyifu.

Kwanza kapime. Siku ya bamvua, maji yakijaa, piga kigingi yanapoishia, kisha vuta kamba mita 60 kuelekea bara. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia ujenzi wa kudumu humo. Sisi tulipouza letu, kamba ilipita kisima, na mnunuzi alitaka kujenga mbele ya kisima, upande wa bahari! Onja na maji ya kisima, kama yameingia chumvi.

Halafu mlete ajionee bamvua mwenyewe, na yote yaandikwe kwenye mkataba mbele ya mtendaji wa kijiji. Bei itashuka, yetu ilishuka sana. Akighairi, wakodishie wavuvi wa dago, wale wanaopiga kambi pwani, au wanaoanika mwani.

Na warithi wenzio, wameridhia kuuza? Hilo limalize kabla hujapokea hata shilingi.