Madogo mnaotua Wuhan, usiku wa kwanza msilale kwa kaka

Septemba ndiyo hii tena. Juzi kwenye grupu letu la WeChat madogo wametua Tianhe, eapoti ya hapa Wuhan, Ijumaa usiku, hosteli hawajapangiwa, ofisi ya wanafunzi wa kigeni inafunguliwa Jumatatu, na hapo hapo kaka mmoja mwema kaandika "njooni kwangu Hankou, godoro lipo, wali upo". Nikajibu kwa herufi kubwa HAPANA, baadhi ya watu wakaona nina roho mbaya. Sasa naandika kwa kirefu kwa sababu kila mwaka tunaambizana, kila mwaka kosa la kulala kwa mtu bila kujiandikisha polisi linarudiwa, na kila mwaka kuna mtoto wa watu analia kwenye korido ya polisi na mimi ndio naitwa nikatafsiri.

1. JW201 au JW202 yako (ile fomu ya kuombea viza ya masomo) na barua ya chuo, orijino, vikae kwenye begi la mkononi pamoja na paspoti. Sio kwenye begi kubwa linalopita chini ya ndege, begi likichelewa Addis au Doha utabaki unajieleza kwa mdomo mtupu. Picha ndogo za mandhari nyeupe beba nyingi, huku kila dirisha wanaomba.

2. Simu ishughulikie ukiwa bado nyumbani, kabisa. WeChat ukifungua akaunti mpya mara nyingi inataka mtu mwenye akaunti ya zamani akuthibitishe kwa kuskani, kwahiyo mtafute huyo mtu mapema, na mama naye mwekee WeChat kwenye simu yake umfundishe kupokea video, maana WhatsApp na Google ukishatua hazifunguki hivi hivi na mama akikaa siku mbili hajakusikia anaamsha ukoo mzima. Alipay inakubali kadi za Visa na Mastercard za nje, iunganishe kabla ya safari, ila beba na yuan za noti kidogo. Na mjue tumewatangulia nyumbani masaa matano: ukimaliza kupanga kitanda saa sita usiku, kwao ndio saa moja, wako sebuleni wanasubiri. Piga.

3. Kulala. Hapa naomba mnisikilize vizuri.

Sheria ya hapa ya kuingia na kutoka, iliyoanza kutumika Julai 2013, inasema mgeni akilala hotelini, hoteli inamwandikisha yenyewe. Akilala nyumba ya mtu, yeye pamoja na mwenyeji wake wanatakiwa wafike paichusuo, yaani kituo cha polisi cha mtaa, kujiandikisha ndani ya masaa 24. Ndani ya masaa 24 tangu ufike hapo unapolala, sio tangu chuo kifungue. Usipofanya ni onyo, na faini inaweza kufika yuan 2,000. Rahisi kukariri, lakini ukiwa umeruka angani usiku kucha, miguu imevimba, halafu mtu anakuita kwa Kiswahili kuna chapati, hizo sheria unazikumbukia wapi.

Kundi letu nalo lilitua Ijumaa. Mimi ndio nilikuwa kiongozi wa msafara, kwa sababu nilisoma Kichina kidogo pale Taasisi ya Confucius UDSM, wenzangu wengi walikuwa ndio kwanza wanajifunza kusalimia. Kaka mmoja wa Tanga aliyekuwa anamalizia masta alikuja mwenyewe mpaka eapoti kutupokea, akatupeleka kwake, akatupikia wali na maharage, yeye akalala jikoni ili sisi tupate chumba. Jumamosi asubuhi akatuamsha akasema wadogo zangu twendeni paichusuo hapo chini tukajiandikishe, haichukui muda. Mimi nikamjibu kaka tumechoka, Jumatatu chuo kitatuandikisha chenyewe. Wenzangu wakaniangalia mimi, mimi ndio mwenye Kichina, wakarudi kulala. Kaka akarudia tena mchana, nikamwambia usijali.

Jumatatu tukahamia hosteli, chuo kikatuandikisha, maisha yakaendelea. Ilipofika zamu ya kwenda polisi kuomba pemiti ya ukaazi, dada wa dirishani akalinganisha muhuri wa paspoti na karatasi ya hosteli, akaona tarehe haziungani. Akauliza wikiendi ile mlilala wapi. Na hapa ndipo ninapoumia mpaka leo, kwa sababu kuchelewa kujiandikisha lilikuwa kosa la uvivu ila nilichofanya hapo kilikuwa kingine. Nikasema hotelini. Akauliza hoteli gani. Hoteli zinaingiza wageni wote kwenye mfumo wa polisi, yeye anao mbele yake kwenye kompyuta, kwahiyo alikuwa anajua jibu kabla hajauliza. Nikanyamaza, wenzangu nyuma yangu hawaelewi kinachosemwa, wanaona tu uso wangu. Ikabidi niseme ukweli, na ukweli una anwani. Kaka akaitwa akiwa maktaba. Mwenye nyumba wake naye akaitwa, mzee wa watu hakuwa na habari kama kuna kundi la wageni lililala kwake.

Sisi tulipewa onyo, tukaandika maelezo, pemiti zikatoka. Kaka ndiye aliyelipa. Mwenye nyumba alimwambia mkataba ukiisha atafute pengine, na uliisha katikati ya kuandika tasnifu yake, akahamisha vitabu na sufuria zake baridi limeshaingia. Nilienda kumsaidia kubeba. Hakunisema hata neno moja, aliniuliza kama nimeshazoea chakula.

Kwahiyo mkisikia nakataa msiende kwa kaka mjue namlinda na yeye. Ukifika wikiendi lala hoteli iliyo karibu na chuo, uliza kwanza kama inapokea wageni wa kigeni, tunza risiti. Kama hela hakuna kabisa, basi nenda kwa kaka, ila kabla ya kunywa chai mguu kwa mguu wewe, yeye na mkataba wake wa nyumba mpaka paichusuo. Na ukiulizwa, sema ulipolala.

4. Viza ya X1, ile ya masomo ya muda mrefu, ina sifuri kwenye sehemu ya siku za kukaa, kila mwaka kuna anayedhani amekosewa na kuna anayedhani anakaa anavyotaka. Maana yake una siku 30 tangu uingie kuomba pemiti. Ukizembea hesabu ni yuan 500 kwa siku, mwisho 10,000. Paspoti ikishapokelewa inabaki kwao siku kadhaa, sasa laini ya simu isajili kabla hujaikabidhi.

5. Asubuhi ya vipimo vya afya usile. Najua reganmian, zile tambi za Wuhan, ya pale getini inanukia vizuri na bei yake ni ndogo, lakini damu inatolewa mtu akiwa na njaa, ukila unarudishwa. Beba na fomu orijino uliyopimiwa nyumbani, yenye muhuri.

6. Wuhan ni miji mitatu iliyounganishwa, Wuchang, Hankou na Hanyang, mito miwili inakatiza katikati. Stesheni kubwa za treni nazo ni tatu na ziko mbali mbali: Wuhan, Hankou, Wuchang. Soma jina kwenye tiketi herufi kwa herufi. Kutoka Tianhe, metro laini ya 2 inapita Hankou, inazama chini ya Yangtze, inatokea upande wa Wuchang mpaka Guanggu ambako vyuo vingi viko, hakuna sababu ya kupanda teksi ya anayekuvuta mkono pale nje.

7. Blanketi nunua sasa wakati mnaona joto. Huku nyumba nyingi hazina mfumo wa joto kama za kaskazini, Januari utavaa koti ndani ya chumba.

8. Andika jina lako ubalozini Beijing na kwa viongozi wa jumuiya yetu, wiki ya kwanza. Mji huu ulifungwa Januari 23 mpaka Aprili 8, 2020 na watu wetu walikuwa ndani, wakati kama ule lazima ijulikane nani yupo chumba gani.

Mnaokuja Ijumaa ijayo andikeni namba ya ndege kwenye grupu leo, sio mkiwa Doha. Nitakuja kuwapokea pale metro inapoanzia, na hoteli nitakuwa nimeshaulizia bei.