Nimeshasaini kazi Mwanza, Bukoba wananiita intavyuu

SWALI: Dada shikamoo. Nimesaini mkataba kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza, naanza tarehe 1, sasa jana kampuni ya Bukoba imenipigia niende intavyuu na mshahara wanaoutaja ni mkubwa. Niende? – Msomaji, Kirumba

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwenda kuwasikiliza sio dhambi, ila kwanza usome huo mkataba mpaka mwisho hasa pale pa notisi, maana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi isiyopungua siku 7 ukiwa ndani ya mwezi wa kwanza, ukishapita na unalipwa kwa mwezi ni siku 28. Halafu mshahara wa kwenye simu usiupigie hesabu, waulize ni kabla ya makato au ndio wa kushika mkononi, na nauli ya meli nani anatoa. Wakikujibu "we njoo tu tutaongea", mimi ningebaki Mwanza. Wakikupa barua na ukaamua kuhama, nenda kiwandani siku hiyohiyo uwaambie, usizime simu wala kusingizia unaumwa, kuna mwenzako alikosa hiyo nafasi na bado anaweza kuitwa.