Jibu: Kugombea uwaziri wa mikopo chuoni

Mkuu, umeuliza kama uwaziri wa mikopo kwenye serikali ya wanafunzi utakupa chochote zaidi ya kushusha GPA (wastani wa alama). Kiti hicho nimekikalia mwaka wa pili, na GPA ilishuka kweli, sikufichi.

Shughuli ni bumu, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, likichelewa. Watu wanashindia mihogo ya kukaanga, na mlango unaogongwa saa sita usiku ni wako. Mwanzoni nilikuwa napiga siasa tu: "Linaingia kesho." Kesho zikapita mbili, nikazomewa kantini mpaka nikaacha chipsi mezani.

Ndipo nikanunua daftari. Kila aliyelalamika nikamwandika: jina, namba ya usajili, namba ya mtihani wa kidato cha nne (Bodi ya Mikopo humtambua mwombaji kwa hiyo), halafu tatizo lenyewe. Kumbe wengi hawakuwa wamesaini kupokea hela, na wengine walikosea tarakimu moja ya akaunti ya benki! Matatizo ya hao tuliyamaliza wenyewe. Waliobaki nikawapeleka ofisini kwa orodha, na yule afisa aliyezoea kuniambia "njoo baadaye" akaanza kunivutia kiti.

Leo kazini nalipwa kwa kazi ileile ya daftari. Hotuba za kampeni nimeshazisahau.

Ila kama una sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia, acha kwanza. Na hela ya mwanafunzi usiishike, hata ya kutoa fotokopi. Mweka hazina yupo.

Uchaguzi kwenu lini?